Jina la Mjomba Kwenye Orodha ya Asubuhi

Mpendwa Bi Maisara, naomba msaada wako, na kabla ya msaada naomba usinicheke, maana nnajua unavyotucheka sisi wasomaji wako, lakini mwenzio hali yangu si ya kuchekesha, nna siku chache tu na sijui pa kushika.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na moja, nimesomea kompyuta chuoni Tunguu, na nnafanya kazi katika kampuni ndogo hapa Mji Mkongwe inayotunza taarifa za wageni wa mahoteli, majina yao, tarehe za kuja na kuondoka na picha za pasipoti zao, na vitu hivyo havikai ofisini kwetu, vimewekwa kwenye kompyuta za kukodi zilizoko nchi za nje, ndiyo hiyo wanayoiita wingu. Kwa kuwa ni pasipoti za watu, kila miezi mitatu huja mkaguzi kutuuliza nani ana ruhusa ya kuingia humo, nakala za akiba zinachukuliwa au hazichukuliwi, aliyeacha kazi kafungiwa au hajafungiwa, na yeye hataki maneno, anataka ushahidi.

Zamani ushahidi huo tulikuwa tunaukusanya kwa mkono siku moja kabla hajafika, unapiga picha skrini hii, unapiga picha ile, kama watu wanaofagia ukumbi wakisikia wageni wako njiani. Na hapo ndipo penye aibu yangu, maana katika orodha ya wenye ruhusa limo jina la mjomba wangu, nimwite Mzee Ubwa ingawa silo jina lake, ambaye ndiye aliyeujenga mfumo wote ule, ndiye aliyenifundisha kazi, na ndiye aliyenilea tangu baba yangu alipofariki. Amestaafu huu mwaka wa pili, lakini kila siku akirudi kusali alfajiri hukaa nje kwake Kikwajuni na chai yake ya mkandaa, isiyotiwa maziwa, akavaa miwani yake aliyoifunga uzi mwekundu, akafungua simu na kuingia kwenye mfumo, hagusi kitu, anaangalia tu kama kumekucha salama, kisha anatoka. Mwenye kazi ya kuwafungia walioondoka ni mimi, na mimi khasa sikuthubutu, utamfungiaje mlango mtu aliyeijenga nyumba? Basi nilichokuwa nikifanya, siku ya mkaguzi nnalitoa jina lake, nnapiga picha orodha, mkaguzi akishaondoka nnalirudisha. Siku hizo mjomba alikuwa ananipigia simu, ananambia mwanangu leo nnajaribu siingii, nami nnamwambia mtandao mbovu mjomba, naye anasema haya, hapana neno.

Mwaka huu mkurugenzi wetu, nimwite Bi Bashira, akasema mambo ya picha yamepitwa na wakati, nikatengeneza programu inayokusanya ushahidi yenyewe kila siku saa moja asubuhi, inapita kila pahala, inaandika tarehe na saa, inaweka kijani palipo sawa na nyekundu palipo na kasoro, na haijui habari ya mgeni kuja wala kutokuja. Nilijidai sana, Bi Maisara, sikufichi. Siku ya kwanza ikaleta kijani tupu na nyekundu moja, nayo ni mjomba, kaingia saa kumi na mbili na dakika kumi. Kesho yake vile vile. Siku ya tatu nikaiamrisha programu ikifika kwenye jina lile ilipite. Kukawa kijani mpaka chini, Bi Bashira akaituma ripoti kwenye grupu la wateja, akaninunulia halua, nikaila mbele ya watu huku wakinipongeza.

Jumatano ijayo mkaguzi anakuja, na safari hii nnatakiwa nitie saini karatasi inayosema ushahidi huu ni kamili na hakuna kilichofichwa. Na lililo baya zaidi, programu niliyoitengeneza mwenyewe huandika kila inapobadilishwa na nani kaibadilisha, kwa hivyo imeandika siku na saa niliyoiambia ifumbe macho, pamoja na jina langu. Je, niyafute maandishi hayo, maana njia naijua? Au nitie saini tu? Au nimfungie mjomba kimya kimya, na akiuliza niseme tena mtandao? Nnamuogopa Mwenyezi Mungu, nnaogopa kuikosa kazi, lakini kuliko vyote nnaogopa siku atakayofungua simu yake na kujua kuwa aliyemtoa ni mimi. Naomba usitaje jina langu, maana mjomba hununua gazeti lenu kila Ijumaa na huanza na ukurasa wako.

Mpwa Mwenye Haya,
Unguja

Bi Maisara anajibu:

Nimekucheka. Ulinikataza, nikajizuia vizuri tu mpaka nilipofika kwenye halua. Mtu anatengeneza mlinzi asiyelala wala asiyehongeka, halafu siku ya tatu anamnong'oneza sikioni, yule usimwone, ni mjomba. Hilo litatokea kwetu tu.

Kompyuta mimi sizijui. Ukurasa huu nnauandika kwa kalamu, na Mwanamwema wa hapa ofisini ananichapia huku akiusema mwandiko wangu. Lakini habari za funguo nnazijua. Pasipoti hizo si zako wala si za mjomba wako, ni za watu waliokuja kulala kwetu wakatuamini. Mzee hana nia mbaya, nakubali. Je, simu yake ikichukuliwa sokoni Darajani? Neno lake la siri kaliandika wapi? Nna baba mdogo wa rika lake, la kwake kaliandika nyuma ya kalenda ya msikiti, na kalenda imetundikwa ukumbini kila mgeni anaiona. Siku mwizi atakapoingia kwa jina la mjomba wako, atakayeitwa kujieleza si wewe, ni yeye, na uzee wake na miwani yake. Hiyo ndiyo heshima uliyokuwa unamwekea?

Sasa nisikilize. Kutia saini, usithubutu. Kufuta, usithubutu mara mbili, maana hivi sasa una kosa la mtu anayempenda mjombake, na ukifuta utakuwa na kosa la mwizi. Kumfungia kimya kimya ukasingizia tena mtandao, nitakuja huko ofisini mimi mwenyewe.

Iondoe leo ile amri, mashine iseme inachokiona. Nyekundu itatoka, itoke. Halafu mpigie Bi Bashira, sasa hivi, kabla naye hajaumaliza ukurasa huu, umwambie kwa mdomo wako yote, pamoja na ule mchezo wa kutoa jina na kulirudisha. Atafoka. Mwache afoke, ana haki. Akimaliza mkae muandike kasoro ilikuwa ipi, ilianza lini, nani aliificha, na imerekebishwa siku gani, na wale wateja waliopelekewa kijani wapelekewe ya kweli. Mkaguzi akifika Jumatano mpe karatasi hiyo kabla hajaomba. Hapa jirani yangu yuko Abrahman, kakagua mabenki maisha yake yote, nikamuuliza. Akanambia nyekundu moja iliyoandikwa na kurekebishwa haimtishi, ripoti ya kijani tupu ndiyo inayomfanya afute miwani asome upya. Huenda ukapewa onyo. Lipokee. Wazee walisema mficha uchi hazai, na wewe kazi yako nzima ni kufichua. Na halua, safari hii mnunulie wewe Bi Bashira.

Haya, tuje kwa mjomba, maana hilo ndilo lililokufanya uandike.

Unaogopa siku atakayojua. Mwanangu, hebu tulia ufikiri. Mtu aliyeujenga mfumo kwa vidole vyake, aliyekufundisha wewe namna ya kumpokea mkaguzi, kila miezi mitatu, siku ile ile ya ukaguzi, anaambiwa mtandao mbovu, naye anajibu hapana neno. Huyo hajui? Anajua tangu mara ya kwanza. Kanyamaza asikutie aibu, nawe umenyamaza usimtie aibu, na katikati ya adabu zenu mlango wa pasipoti za watu uko wazi mwaka wa pili.

Na nikuulize jengine. Alipostaafu, mlimuaga? Barua yako ni ndefu, nimeisoma mara tatu, sikuona pahala palipoandikwa kuwa alikaa na wenzake, akakabidhi, akashukuriwa. Mnamshangaa bado anapita asubuhi kuangalia, na hakuna aliyemwambia ahsante, sasa tuachie sisi. Mimi hilo limeniuma. Basi mwiteni Jumatatu. Aitoe ruhusa yake kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya wafanyakazi wote, iandikwe tarehe na saa, huo nao ni ushahidi, kisha isomwe dua na mle biriani. Na kuanzia Jumanne, saa kumi na mbili na dakika kumi, mpigie wewe simu kila asubuhi. Huna haja ya kumwambia siri za kazi. Mwambie, "Mjomba, kumekucha salama." Hilo ndilo alilokuwa akilifuata humo.

La mwisho, kuhusu jina lako. Sikulitaja, kama ulivyoniomba. Lakini wewe mzee umembadilisha jina, halafu ukaniachia Kikwajuni, chai ya mkandaa na miwani yenye uzi mwekundu, ukaileta barua kwenye ukurasa ambao mwenyewe unasema ndio anaoanza nao. Mtu asiyetaka mjombake ajue huandikia gazeti jengine. Mashine ya kwanza uliikataza isiseme, sasa umenitafuta mimi nikusemee. Haya, nshasema, lakini kwenda kwake siwezi kukuendea.

Leo Ijumaa. Akitoka msikitini atanunua gazeti, na wewe nenda baada ya alasiri, usiende mikono mitupu. Utamkuta kakaa pale nje, gazeti kalikunja kaliweka chini ya paja, anajifanya hajalifungua. Usihangaike kutafuta pa kuanzia. Mpe shikamoo yake, ukae. Mengine yote anayajua.