Mlango wa Juu Ngazini

Ndahani, Mgogo wangu,

Ulikufa masika yaliyopita, homa ya siku chache tu huko kwenu Bahi. Mimi nikapoteza mtani, na sinema yetu ikapoteza sauti. Nalisema hili moja kwa moja kwa kuwa hukupenda mtu azunguke. Sasa masika yamerudi, na mimi bado nimekukasirikia.

Siku ya kukuzika nilifanya kazi yangu. Mimi Mnyamwezi, mtani wako, nilishuka kaburini kabla yako, nikajilaza chali, nikawaambia wazee haingii mtu humu mpaka nipewe jogoo, tena mnono, maana marehemu alikuwa mlafi na kuku wangu amenimalizia. Watu walicheka huku wanalia. Nilipotoka nikasubiri. Miaka yote nikikutukana ulinirudishia papo hapo, tena kwa riba. Safari hii kimya. Jogoo nilipewa, ila sikuweza kumla. Yupo hapa uani, anawika saa za ovyo, kama wewe tu.

Nikueleze ya kazi. Ile mashine ya sinema tuliyoinunua Kongwa, wazungu wa mradi wa karanga walipokuwa wanauza vitu waondoke, bado nzima. Nimebadilisha mkanda, nimetia mafuta, taa ni mpya. Mashine naziweza mimi. Kilichonishinda ni mahali pako, pale kando ya shuka la kuonyeshea, uliposimama ukiwafasiria watu.

Nilimchukua karani mmoja wa hapa mjini. Kiingereza anakijua mara tatu yako, nisikufiche. Nikampa ile filamu yetu ya mlango. Unakumbuka tulivyoikuta chini kabisa ya sanduku, tukaidharau? Nyumba moja, mwanamke mmoja, ngazi, na mlango wa juu ambao kila jioni unakuwa wazi kidogo kuliko jana yake. Basi. Hakuna jini wala damu. Nikasema, "Hawa hawakuwa na hela hata ya kununulia shetani." Ukanijibu, "Tulia, Mnyamwezi. Shetani watakuja naye watazamaji."

Karani akaeleza kila kitu. "Huo ni upepo tu." "Sasa mlango utafunguka." "Msiogope, ni mchezo." Watu wakapiga miayo. Mama mmoja akaniuliza kama hii ni ile sinema ya serikali ya kufundisha watu kujenga nyumba bora.

Nikadhani kasoro ni filamu. Nikakodi nyingine kwa mfanyabiashara mmoja wa Kihindi mjini, yenye dubwana refu, meno nje, muziki wa kutisha tangu mwanzo. Nikaipeleka Kongwa. Lilipotokea tu, wachungaji wakaangua kicheko. Hawa ni watu wanaofukuza fisi zizini kwa mkuki, Ndahani! Mzee mmoja akapaza sauti, "Jamani, mfungeni mgongoni huyo, ngozi inamvuka!" Mpaka mwisho walikuwa wanalifundisha kutembea. Nilifungasha vitu vyangu sina wa kucheka naye njiani.

Basi jioni moja nikatundika shuka chumbani kwangu, nikaiwasha ile ya mlango. Watazamaji, mimi. Mkalimani, hakuna. Ikafika pale mwanamke anaposimama chini ya ngazi, anatazama juu.

Pale ndipo ulipokuwa unanyamaza. Tena si kunyamaza tu. Uliacha mahali pako kando ya shuka, ukaja ukakaa mkekani katikati ya watu, ukatazama kama wao. Mtu pekee aliyejua maneno, amekaa chini, hana neno. Mimi huku nyuma niliona migongo inasogeleana, mama anamvuta mtoto, mzee anaishika fimbo yake. Nami nikidhani unapumzisha miguu! Nilipokuuliza ulicheka: "Nitakuambia siku utakayosimama wewe."

Ukafa hujaniambia.

Jioni ile nilielewa nusu. Waliotengeneza filamu ile waliacha nafasi kwa sababu hawakuwa na cha kuijaza, na kila mtu akaweka alichokuwa nacho nyumbani kwake. Yule mjane wa kwenu alituambia kwamba alimwona marehemu mumewe akitoka mlangoni, anashuka, na sisi tukatazamana. Mimi sikuona jini. Nilitazama ule ufa wa giza nikaogopa kwamba wewe upo nyuma yake. Halafu nikaogopa zaidi. Kwamba hupo.

Sasa sikiliza. Mama yako ameagiza. Jumamosi wanahitimisha msiba wako, mwaka umetimia, na anataka filamu ya mlango, "ile ambayo mwanangu alikuwa anakuja kukaa na sisi." Siwezi kumpelekea mama yako karani wa upepo. Nimemfundisha karani huyo kuendesha mashine, na kando ya shuka nitasimama mimi. Nikiharibu, nauza kila kitu. Mnunuzi ameshaulizia, na bei yake si mbaya. Siwezi kuizungusha mashine nchi nzima huku mahali pako pakinitazama.

Unanijua, nikiogopa nabwabwaja. Naahidi Jumamosi nitaufunga mdomo pale pale ulipokuwa unaufunga wewe. Nitakwenda kukaa mkekani karibu na mama yako, na kando yangu nitaacha nafasi ya mtu mmoja, mwenye tumbo. Jogoo nitamleta. Kwaheri, mlafi wangu. Lala, lakini usilale sana.

Maana nina swali, na mimi ni mtani wako, nikiomba kwenu napewa. Ulipokuja kukaa na watu, ulikuwa unaogopa kama wao, au ulikuwa unatuchezea? Nisipojua hilo, sijui nikae vipi. Usinizungushe kwa ndoto. Kuogopa au kuchezea, chagua moja, nijibu. Nakupa mpaka Jumamosi, mwanamke yule atakapofika chini ya ngazi.

Saidi, Mnyamwezi wako