Jina la Babu kwenye Daftari la Mister Nolan

Maskati, Ijumaa, Novemba 1970

Joto limelegea leo, kwa mara ya kwanza tangu tufike. Nyumba nzima imeushangilia upepo. Mimi sina raha nao, wala na biriani iliyobaki, wala na nafsi yangu.

Leo ilikuwa akika ya mwanangu. Ametimiza siku saba, na ameitwa Salim.

Hakutakiwa kuitwa Salim. Baba yangu, mzee Saidi, hakuwahi kuniomba kitu tangu tulipotoka Unguja na mabegi mawili. Mke wangu Zuhura alipojifungua ndipo akaniomba kimoja tu: mtoto apewe jina la babu yangu, yaani baba yake yeye. Kwetu ndivyo inavyofanywa, mtoto wa kwanza wa kiume hurithi jina la mzee aliyetangulia. Na babu aliitwa Feruzi.

Aliyekulia Unguja akilisikia jina hilo hahitaji kuelezwa kuwa ni la mtumwa. Babu aliletwa kisiwani angali mtoto, akauzwa, akapewa jina na aliyemnunua, na alipoachwa huru akachukua na kabila la bwana wake. Kabila hilo tumelitumia miaka yote. Hapa Maskati watu wanauliza zaidi. Ili nipate kazi serikalini lazima niwe na barua ya shekhe wa kabila, na kwenye barua huandikwa jina lako, la baba yako na la babu yako. Wiki iliyopita karani wa shekhe aliponiuliza babu yangu ni nani, nikasema Salim. Sikufikiri hata. Lilitoka mdomoni kama nimelizoea.

Kwa hiyo mtoto hawezi kuitwa Feruzi, watu wataanza kuuliza. Nilimwambia Baba jana. Aliniuliza tu mbuzi wa akika amenunuliwa wapi.

Sasa huyu Mister Nolan. Ni Muairishi, mhandisi wa maji, na kwa sasa mimi ndiye karani wake wa kupiga taipu. Mchana wenzake wanapolala, yeye hunipa kurasa za kitabu anachoandika. Hakihusu mabomba. Ni majina ya wanaume wa kwao Ayalandi, wa miaka elfu iliyopita, aliyoyatoa kwenye vitabu vya zamani vya watawa. Nimezipiga kurasa hizo hadi nawajua wafalme wa Ayalandi kuliko majirani zangu. Wana “mac” yao kama sisi tulivyo na bin. Wengi majina yao huanza na Mael, yaani aliyenyolewa kichwa awe mtumishi wa mtakatifu fulani: Mael Patraic, Mael Muire. Wengine ni Gilla, mtumishi vilevile. Wakubwa wazima wakijiita watumishi na kuona fahari, kama sisi na Abdallah, mtumwa wa Mungu. Mtumishi wa mtakatifu anaandikwa kitabuni. Aliyemtumikia bwana wa shamba la karafuu anafichwa na mjukuu wake.

Kinachomchekesha zaidi Mister Nolan ni uongo wa watawa wale. Ukoo ukipata nguvu, mtawa anapachika babu mpya katikati ya orodha, ili mfalme aonekane ametoka nyumba kubwa. Nusu ya maisha yake ameyatumia kuwafichua hao mababu wa kubandikwa. Juzi alipokuwa akinieleza, nilicheka naye. Tena nilicheka kwa sauti.

Halafu nikamwalika kwenye akika. Ujinga wangu mwenyewe.

Alikaa mkekani baina ya wazee wawili wa kabila waliotumwa na shekhe. Kinyozi alipoanza kumnyoa mtoto, Mister Nolan alifurahi kupita kiasi, akasema huyu hapa Mael, na akatoa daftari. Akaniomba nimuulize Baba majina ya wanaume wa ukoo wetu ayatie kwenye kitabu, watu waone namna mataifa yanavyofanana. Nikafasiri. Ningefanya nini? Mzee mmoja alibaki na halwa mkononi, hajaitia mdomoni.

Baba alinitazama. Hakuwa na hasira, na ningependa angekuwa nayo. Akasema polepole, Saidi bin Salim. Mister Nolan akaandika. Mzee akala halwa yake.

Niseme kweli: nilifurahi. Nilimwona Baba anameza jina la baba yake, nami nikafurahi.

Wageni walipoondoka Baba aliniita, akauliza kama kitabu cha mzungu kitasomwa mbali. Nikamwambia kitasomwa hadi Ulaya.

“Mwambie anifute,” akasema. “Mie nshamkana baba yangu mbele za watu, yatosha. Sitaki na kitabuni. Salim nnayemjua mie ni huyu mtoto tu.”

Nilisema nitamwambia.

Kesho Jumamosi ukurasa huo utakuwa mezani kwangu niupige. Kufuta ni kazi ya dakika moja. Lakini Mister Nolan atauliza sababu, na akishaijua ataifurahia na kumsimulia kila mtu, kwa nia njema kabisa. Barua ya shekhe bado haijapigwa muhuri.

Zamani nilidhani watawa wale walikuwa waongo tu. Pengine kila mmoja alikuwa na mfalme amesimama mlangoni na upanga. Mimi sina wa kunishikia upanga. Nina barua ninayoitaka.

Baba amelala na mjukuu wake kifuani. Anamwimbia lakini hamwiti jina.

Najijua. Kesho nitapiga Salim, tena bila kosa hata moja, na Baba akiniuliza nitasema nimefuta.

Daftari hili langu halisomwi na mtu. Basi humu niandike mara moja: mimi ni Hamedi bin Saidi bin Feruzi.