Mursik Kwanza, Jembe Baadaye

Chebet mjukuu wangu,

Umepotea mpaka mbwa wetu atakubwekea! Tuko salama. Shangazi yako anaandika ninayosema.

Unauliza kama uende Ndanai likizoni na wanafunzi wenzako, mkawachimbie watu kisima. Nenda. Miaka ya sabini, nimeolewa juzi tu hapa Chebunyo, wanafunzi wa chuo walikuja kuchimba na kujengea chemchemi yetu. Tulikuwa tunachota pale ng'ombe wanapokunywa, na watoto waliumwa. Tukawapelekea mursik, maziwa yetu mala ya kibuyuni, yaliyotiwa mkaa.

"Asante, tumebeba mkate."

Amekataa maziwa yako, utamshikia jembe? Tukawaacha wachimbe peke yao mpaka wakashindwa. Ndipo msichana mmoja akabisha kwangu: "Mama, ile maziwa bado iko?" Akamaliza kibuyu, mdomo mweusi kwa mkaa. Asubuhi kijiji kizima kilikuwa chemchemini.

Ukija, lete hao wenzako. Waje na njaa.