Babu Yumo Kabatini

Wanangu,

Nimekwenda kwa wakili kutia saini ya mwisho ya kuuza nyumba. Someni mita ya umeme, mniandikie namba hapa chini. Funguo zote ziwe mezani. Mnunuzi atazifuata saa nane.

Asubuhi alikuja na mkewe kukagua. Walipofungua lile kabati kubwa la chumbani wakamkuta babu yenu ndani, kakaa kwenye kigoda na redio yake.

"Mkataba unasema nyumba na vilivyomo," akawaambia. "Nami nimo."

Mnunuzi alicheka. Mimi nililia, maana ndimo marehemu bibi yenu alimotundika magauni yake.

~~Mtoeni kwa nguvu.~~ Mpelekeeni chai. Mke wa mnunuzi kasema tuondoke na kabati letu. Tafuteni bisibisi mlifungue vipande vipande, ila babu atoke kwanza.

Mama yenu