Mume Wangu na Kitabu cha Mfalme

Kwako Mama Mshauri,

Nakuamkia shikamoo kwa mkono wa barua, na nakuomba unifikirie upesi maana sherehe za kuvishwa taji kwa Malkia ziko karibu na mimi usingizi umenihama. Mimi ni mke wa Mwinyijuma, tarishi wa boma hapa Kisarawe, mtu mpole asiyejua kunyanyua mkono wala sauti, na kabla sijasema shida yangu nataka ujue kwamba namshukuru Mungu kwa kunipa mume huyu, usije ukadhani nimekuandikia ili kumsengenya.

Bwana Shauri wa zamani, yule Mzungu mkuu wa wilaya, alipohamishwa aligawa vitu vyake, huyu akapata kiti, yule akapata sufuria, mume wangu akapata kitabu kikubwa cha Kiingereza chenye picha, habari za maisha ya mfalme wao mmoja aliyekwisha kufa, na tuliambiwa kimeandikwa kwa ruhusa ya jamaa zake mwenyewe, basi tangu hapo kila jioni tukishakula anakifungua barazani anatusomea kwa Kiswahili, na majirani wanakuja na mahindi yao ya kupukuchua, hata Mzee Mashaka jumbe wetu anakuja na kiti chake. Ametusomea jinsi binti mfalme alivyowekwa ndani akawa mwali mpaka siku ya kutolewa kwa ngoma, tukafurahi kwamba kumbe na Wazungu wana adabu zao, akatusomea jinsi mfalme alivyomwomba radhi mkewe mbele ya mawifi, na jirani yetu Maneno aliposikia hilo alikwenda kumfuata mkewe aliyerudi kwao, akasema kama mfalme kaweza, yeye ni nani, na mke akarudi.

Jioni moja alisoma kwamba mfalme na mkewe walifiwa na mtoto, watu wakanong'ona kuwa mama ndiye hakumtunza, mfalme akaketi karibu na mkewe akamwambia, "Mke wangu, si kosa lako, nilikuwapo, niliona ulivyohangaika." Na sisi tulizika mtoto wetu wa kwanza, Mama Mshauri, na mama mkwe alisema maneno, na mume wangu hakuwahi kusema lolote, baya wala zuri, kwa hiyo jioni ile nililia mbele ya watu bila haya, nikamshukuru mfalme wa watu kwa kunisemea.

Sasa juzi juzi niliugua homa, Mwalimu Kristina wa shule ya misheni akaja kunitazama, akakiona kitabu, nami nikamwomba anisomee tena habari za yule mtoto, nikamwonyesha picha ya malkia aliyevaa nguo nyeusi maana ndipo mume wangu alipokuwa amefungua, akasoma upande huu, akasoma upande ule, akaniambia dada yangu hapa ni mikutano ya mawaziri na ndege waliopigwa risasi porini, hakuna mtoto, hakuna mwali, hakuna mawifi. Ndipo nikajua kuwa mume wangu hasomi Kiingereza, anajua kile cha kuitikia mabwana tu. Sikukasirika hata kidogo. Nilijua maneno yale yametoka moyoni mwake na hakuwa na njia nyingine ya kuniambia, nikashukuru mara ya pili, na shukrani hii ya pili ni kubwa kuliko ile ya kwanza.

Shida ni kwamba Mzee Mashaka amekwenda kujigamba bomani kwamba siku ya sherehe Mwinyijuma atawasomea watu habari za binti mfalme kuwa mwali, na Bwana Shauri mpya atakuwapo, na makarani, na walimu wote. Mume wangu hakuweza kukataa, na sasa chakula anakichezea tu, anafungua kitabu, anatazama picha, anafunga. Nikimwambia kuwa najua, nitamvunjia heshima, nikinyamaza watamcheka na pengine kazi itapotea, nimefikiri hata kukipeleka kitabu kwenye kichuguu mchwa wakile. Nifanyeje?

Mwanahalima, Kisarawe

Mshauri anajibu:

Marahaba, Bi Mwanahalima. Jibu hili nimelitia posta likufikie wewe kwanza. Gazetini litatoka sherehe zikishapita, na majina yote nimeyabadilisha, maana huko kwenu watu wanajuana hata kwa kikohozi.

Mchwa waache wapumzike. Kitabu kikiliwa, mumeo ataambiwa asimulie kwa kichwa, na wewe utakuwa umepandisha uongo wako juu ya wake.

Umepata mume, na nimefurahi kwamba unalijua hilo, kwa kuwa barua nyingi zinazonifikia ni za wake wa wanaume wenye maneno mengi na huruma kidogo. Lakini nitamgombeza kidogo huyo wako. Wenye mfalme walimpa ruhusa mwandishi wao, aandike wanayotaka yajulikane, na naamini kuna mengi walimwambia ayaache. Mumeo hakupewa ruhusa na mtu. Barazani, kati ya majirani na mahindi, ni hadithi na hakuna aliyeumia. Akisimama mbele ya Bwana Shauri akamfanya mwali binti wa watu na kumpigia ngoma, hiyo inaweza kuwa kesi. Njia ya mwongo ni fupi, na hii yenu inaishia kwenye uwanja wa boma.

Na wewe nawe! Unamwogopea aibu, huku unamtazama akiiendea kwa miguu yake. Heshima gani hiyo? Mficha uchi hazai. Mwambie leo. Usianze na "nimekugundua," wala Kristina usimtaje mwanzoni. Anza na shukrani. Sema, "Mume wangu, yale maneno ya mtoto niliyasikia, na najua ni yako." Kisha nyamaza. Akifoka, mvumilie, hiyo itakuwa haya, si hasira.

Halafu nendeni wote wawili kwa Mzee Mashaka. Mumeo aseme kwa kinywa chake kwamba Kiingereza cha vitabu kinamshinda, na kwamba alikuwa akisimulia kwa kutazama picha. Jumbe atanuna kidogo, lakini mtu aliyebeba kiti chake kila jioni kuja kusikiliza hawezi kusema alichoshwa. Siku ya sherehe Mwalimu Kristina asome ukurasa mmoja na kuutafsiri, mumeo apite na kitabu kuwaonyesha watu picha. Na huyo Maneno asije akadhani radhi yake imebatilika. Mke amesharudi, basi amtunze.

La mwisho. Katika barua yako yote umenitajia jumbe, mwalimu na jirani, lakini mtoto wako hukumtaja jina. Mumeo naye ilimbidi azunguke mpaka Uingereza ndipo aweze kumzungumzia. Jioni ya leo waambieni majirani kwamba hakuna kusoma. Fungeni mlango, mkae wawili, na wewe uanze kwa kumwita mtoto wenu kwa jina lake.