Waya Uliokatika Siku ya Ndoa ya Mwamini

Nyumba namba 31, ghorofa ya nne,
Peckham, Landani.
14 Septemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Muhiddin,

Salaam aleikum. Hujambo wewe na mkeo, na ule mgongo wako wa kizee umepoa? Mimi nipo. Mashine ya figo bado inanisafisha damu mara tatu kwa wiki, na manesi wanasema hawajaona mgonjwa mzuri kama mimi. Shule sina, unajua, kwa hiyo anayeandika ni Serah, jirani yangu Mkenya. Makosa ni yake.

Sasa nisikilize. Hapo mtaani Buyenzi wote mnaisimulia vibaya ndoa ya binti yangu. Wewe unasema nilisinzia. Wanawake wanasema nilikata simu makusudi kwa kuwa sikumtaka mkwe. Mwamini mwenyewe ameamini hilo, mwezi wa pili huu hanijibu. Mwenye kuijua habari ni mimi.

Siku ile nilivaa kanzu, nikajipaka uturi mpaka basi zima likageuka. Tulikwenda saluni ya Titus, kinyozi wa hapa mtaani, maana intaneti yake ina nguvu za trekta, Serah akanishikia simu ya video nimwoze Mwamini nikiwa huku huku. Huku hata mbwa wanapata netiweki.

Shida iko kwenu. Nchi haina bahari, intaneti inaombwa kwa jirani. Waya unatoka pwani, unatambaa kando ya barabara mwendo wa siku mbili za lori mpaka mpakani, na kila mwenye katapila njiani anaweza kuwazimia nchi nzima. Siku ile mmoja alikuwa anachimba mtaro. Wanasema wataleta waya wa pili. Walikuwa wanasema hivyo nikiwa bado na meno.

Mimi niliwaona vizuri, sheikh, wewe, na mkwe na masikio yake. Ukaniambia, "Kaka, oza upesi, hii kitu haikai." Nikayasema maneno yote ya kumwoza, moja moja, Serah shahidi. Huku yalitoka. Kwenu hayakufika, yamelala kwenye mtaro fulani. Sheikh alikuwa na ndoa nyingine ya kuwahi, ukamwoza wewe. Sikulaumu.

Lakini Mwamini nilimwacha ana miaka minne, Muhiddin. Sikumpeleka shule, sikumuuguza. Kilibaki kitu kimoja tu cha baba. Hata wakivuta nyaya kumi, haozwi tena, na mimi mashine hii hainiachii kupanda ndege.

Nisalimie shangazi Zubeda na Mwamini wangu. Mkwe mwambie masikio yale ayafunike, upepo unaingia. Mungu awape afya, umeme na mvua, kwa mpango atakaouona yeye.

Wako akupendaye,
kaka yako Hemedi

Nyongeza: Serah ameweka kalamu chini, anasema yeye si shahidi wa lile. Haya. Maneno ya kuoza sikuyasema. Uliponiambia nioze upesi, nilikuwa nimeshaanza kumsimulia mkwe jinsi nilivyomfukuza kiboko wa mto Rusizi kwa kandambili. Nikaona mmetulia kimya, hakuna anayepepesa jicho, nikajua habari imewakolea. Nikaendelea mpaka mwisho. Serah ndiye aliyenigusa bega akaniambia, "Mzee, hiyo ni picha tu. Wameshakatika zamani."