Kulikizwa kwa Punje

Kwa Bibi Mzungu, karibu na Usa River,
Arusha.
Jumapili, baada ya ibada

Dada yangu mpendwa Nakiete,

Shikamoo. Kabla hujaendelea mpe Mama shikamoo yangu, na usubiri aipokee, hata kama ni kwa macho tu. Mimi ni mzima wa mwili. Huku masika hayajapumzika, na Mlima Meru tumeusahau sura, maana ukungu unashuka mpaka kwenye mibuni na kukaa hapo mchana kutwa. Ninyi je, hamjambo? Mama amelalaje wiki hii? Bado anakohoa alfajiri, au sasa hana nguvu hata ya kukohoa? Kaka Eliamani amemaliza kuziba bati upande wa kitanda chake?

Maneno haya msomee Mama kwa sauti. Mama, ninasoma vizuri. Katika jiografia nimekuwa wa pili. Wa kwanza ni binti wa Kimeru wa Akheri, na tumekubaliana kwamba muhula ujao tutabadilishana. Chakula napata. Nimerefuka, upindo wa gauni la shule nimekwisha kuushusha wote, hakuna kilichobaki cha kushusha. Nguo zangu nafua mwenyewe na sala zangu sijaziacha. Nitakuja kukuona, Mama. Ila siyo sasa.

Dada, hapa kunja karatasi. Yanayofuata usome peke yako, ukiisha kumlaza.

Umeniandikia kwamba Kaka alishuka milimani mpaka Same Jumamosi ile niliyoahidi kufika, akakaa mbele ya duka la Mhindi mpaka giza, na hakuna gari lililosimama. Najua pia Mama alivikwa ile khanga aliyokuwa akiitunza, kwa sababu wewe mwenyewe uliniandikia kwamba ameiweka kwa siku nitakayofika. Tena uliniandikia kwamba daktari wa hospitali amesema arudishwe nyumbani, na kwamba sababu nitaielewa bila kuambiwa. Niliielewa, Dada. Kwa hiyo nataka ujue kwa nini sikuja, na nakuomba unisikie mpaka mwisho ndipo ukasirike.

Kosa lilianza kwa neno moja. Unajua Bibi huyu Mzungu ndiye Baba aliyempikia zamani kule Tanga, na Baba alipofariki akanichukua nisome huku, niwe nikimsaidia nyumbani nikitoka shule. Kiswahili chake alijifunza Tanga. Mpishi wake wa sasa, Mzee Omari, naye ni mtu wa Pangani. Basi mwanzoni mwa wiki ile Mzee Omari alimpelekea Bibi chai barazani, akarudi jikoni akaniambia, "Sasa utapumzika, binti. Bibi anasema Jumamosi ni kulikizwa. Kuna mgeni atapita na gari, anakwenda Tanga."

Sisi kwetu milimani neno hilo tumelipata shuleni tu: likizo, basi. Nilidhani Bibi ameisikia ile habari ya Mama, akaniombea ruhusa, akanitafutia na gari la kunifikisha Same. Nilikimbia mvuani kwenda kumwambia mwalimu mkuu. Akasema kama mtu mzima wa kuaminika ananichukua hana neno, kwa maana shule yetu hairuhusu msichana kusafiri peke yake. Jioni ileile niliwaandikia, na barua ikaondoka na posta.

Alhamisi nilikwenda barazani kumshukuru Bibi kwa likizo yangu. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa njia asiyoijua. "Likizo ipi?" Mzee Omari alikuwa anapanga vikombe. Akaviacha.

"Loo, Mpare wewe," akasema. "Kwetu pwani mtoto akiachishwa ziwa tunasema kalikizwa. Wanaolikizwa Jumamosi ni mbwa, siyo wewe." Akacheka mpaka akashika ukingo wa meza. Aliponiona uso akaacha kucheka, akachukua sinia na kuondoka nalo likiwa tupu.

Nilimweleza Bibi yote, habari ya Mama na habari ya barua niliyokwisha kuituma. Bibi si mtu mbaya, Dada, usimchukie. Alinieleza jinsi mambo yalivyo. Mgeni wake ni mke wa ofisa mmoja wa serikali, anahamia Tanga na mizigo yake, na aliahidiwa mtoto wa mwisho wa mbwa. Ndani ya gari amebakiza nafasi ya kikapu na ya mtu mmoja wa kukishika. "Kama mbwa yuko tayari kumwacha mama yake, utamshika wewe mpaka Same, halafu utashuka uende kwenu," alisema. "Kama hayuko tayari atabaki, na wewe utabaki, kwa sababu Jumatatu mimi nakwenda Nairobi kutazamwa macho. Nani atamlisha? Mgeni atajaza masanduku mahali penu."

Ni kweli hakuna mwingine. Mzee Omari ni Mwislamu, hagusi mate ya mbwa.

Kisha Bibi akasema, "Wewe ndiye unayemlisha, unamjua kuliko mimi. Jumamosi nitakuuliza, nawe utaniambia ukweli."

Sasa nikueleze huyo mbwa. Usifikiri mbwa kama yule wetu wa kulinda mahindi. Kabila la mbwa hawa wa Bibi halikui. Mama yao mwenyewe akisimama hafiki gotini kwangu. Alizaa watatu. Wawili walikuwa na nguvu, watu wa Arusha mjini wakaja kuwachukua. Wa tatu anaenea katika kiganja changu, nami namwita Punje. Bibi amenifundisha kwamba mbwa wakubwa huachana na mama yao mapema, lakini hawa wadogo hukawia majuma kadhaa zaidi, kwa sababu tumboni hawana mahali pa kuweka akiba. Akikosa kula mara moja tu, mwili unapoa na miguu inalegea. Aliye tayari anakula chakula chake mwenyewe bila kubembelezwa, analala peke yake bila kutetemeka, na anajua kung'ata kwa mchezo bila kuumiza, jambo ambalo hufundishwa na mama yake na ndugu zake. Punje anang'ata vizuri. Hayo mawili mengine ndiyo yaliyonitia hofu. Mama yake aliwafukuza wale wakubwa walipotaka kunyonya, akawakoromea, lakini huyu akija anajilaza ubavu mwenyewe. Naye ni mnyama tu, lakini ameona kitu.

Ijumaa nilimjaribu. Asubuhi nilimtenga na mama yake, nikamweka kikapuni karibu na jiko la jikoni na kisahani cha nyama iliyosagwa na maziwa, nikaenda shule. Siku nzima sikusikia mwalimu alilofundisha. Moyoni nilikuwa nasema, kula, Punje, kula, leo jioni nikukute umekula. Niliporudi kisahani kilikuwa vilevile, kimefanya utando juu.

"Nilimwita," Mzee Omari akasema. "Nilimwita kwa Kiswahili, nikamwita kwa Kizungu. Hakuitika."

Punje alikuwa amelala na kichwa kimeanguka upande, ufizi mweupe. Nilimpaka asali ufizini kwa kidole kama Bibi alivyonifundisha, nikamtia ndani ya sweta langu kifuani. Baada ya muda akaanza kulamba. Kisha, Dada, akasimama. Akaruka sakafuni, akaenda kung'ata kiatu cha Mzee Omari kana kwamba hakuna lililotokea.

Mzee Omari akakiondoa kiatu taratibu, akatazama mlangoni, akasema kwa sauti ya chini, "Umeona? Kesho mgeni akikaribia getini, mpake asali. Atamwona anaruka. Wewe panda gari, nenda kamwone mama yako."

"Na njiani, baba?"

"Njiani chupa ya asali mfukoni. Ukishuka Same, kazi yako imekwisha."

"Na baada ya Same?"

"Baada ya Same ni Tanga," akasema. "Mwanangu, mbwa ni mbwa. Mama ni mmoja."

 Alisema kwa huruma, tena alisema kweli. Nilimrudisha Punje kwa mama yake. Nilifunga kisanduku changu pia, Dada. Sitakuficha. Nilikifunga na kamba, nikakiweka nyuma ya mlango wa jikoni, na chupa ya asali Mzee Omari aliiweka juu yake.

Jumamosi mgeni alifika mvua ikiwa imetulia kidogo. Gari lilikuwa na matope mpaka madirishani. Aliingia barazani na koti lake, hakutaka hata kukaa. Nilimtoa Punje kwa mama yake akiwa ametoka kunyonya, na kwa hiyo alikuwa mchangamfu sana. Sikumpaka kitu. Akakimbia barazani, akateleza, akainuka, mgeni akacheka akasema, "Lakini mbona ni mzima kabisa?"

Bibi akaniita kwa jina langu, "Namsifu," kisha akaniuliza, "Yuko tayari?"

Naomba uniamini kwamba wakati ule nilimwona Mama. Nilimwona amekaa kitandani na ile khanga. Nilikiona na kisanduku changu pale nyuma ya mlango. Nilikuwa na neno moja la kusema, nalo ni fupi, na wote wawili pale barazani walikuwa wanataka kulisikia.

Nikasema, "Bado, Bibi."

Mgeni akamwambia Bibi kwa Kiingereza kwamba msichana amempenda mbwa, anataka abaki naye. Alidhani sisikii. Bibi akaniuliza mara ya pili, polepole, "Unajua unachosema?" Nikasema najua. Nikamweleza habari ya jana, kisahani na ufizi na yote. Mgeni akatazama saa yake. Wakapakia masanduku mawili pale pa kikapu na pangu. Nilishika lango gari likipita. Hakuna aliyenikemea na hakuna aliyenisifu. Bibi alinishika bega tu, akasema "Pole," akaingia ndani. Mzee Omari alikibeba kisanduku changu mwenyewe kukirudisha chumbani, na siku ile nzima hakunitania.

Sasa shule inaendelea, na mpaka tufunge hakuna gari lingine wala ruhusa nyingine. Nimemwuliza mwalimu mkuu mara mbili. Mara ya pili alinijibu kwa upole zaidi, nikajua hatabadilika.

Najua utasema nimechagua mbwa nikamwacha Mama. Mimi mwenyewe nimelisema hilo. Nilidhani nikisema kweli nitakuwa na amani, lakini sina. Nikimwona Punje anakula sifurahi kama nilivyotazamia, namtazama tu. Jana alikula nusu ya kisahani bila kubembelezwa. Pengine juma lijalo angeweza kusafiri, na gari limekwisha kwenda. Lakini nilipokuwa nafunga kamba ya kisanduku nilifikiri jinsi Mama anavyomwuliza kila anayeingia nyumbani, umekuja na nani, umefikaje. Hata mgonjwa angeniuliza. Sikujua ningemjibu nini, naye akinitazama nikisema uongo anajua.

Dada, jambo moja nimejifunza hapa ambalo huenda likakufaa, nawe usione vibaya lilikotoka. Mtu aliyedhoofika sana usimwekee bakuli kubwa, litamkatisha tamaa. Mpe uji kijiko kimoja kimoja, mara nyingi, uwe wa moto kidogo na mtamu. Usimwache apoe. Mchana ukienda shambani, mtoto wa shangazi ajilaze mgongoni kwake ampe joto. Sisemi atapona. Nasema tu kwamba saa moja inaweza kupatikana hivyo, na baada yake nyingine.

Nisalimie sana kaka Eliamani, mwambie nakubali lawama zake zote za kusimama Same mvuani. Nisalimie shangazi anayewaletea kuni, na babu mzee wa kanisa anayekuja kusali na Mama, na yule jirani mkunga aliyetuzalisha sote. Mzee Omari anawapa pole, ingawa hamjuani.

Masika haya barua itakawia kupanda mpaka kwetu. Kama imemkuta Mama, mnyweshe kijiko kimoja umwambie ni mimi niliyekuomba. Kama haikumkuta, usiharakishe kuniandikia, Dada. Niache kwanza muda kidogo niwe nadhani anakunywa.

Ni mimi mdogo wako anayekupenda na kukuheshimu,

Namsifu